Sienkiewicz na Dubu Pepo: alichora au aliharibu?

Mwana wa Chikongola
Wadau wa Kusini, habari za jioni. Hili nalileta hapa maana jana barazani kwetu Chikongola tumelibishania hadi muuza kahawa akabeba birika lake akaenda zake. Binamu kaja kutoka Dar na vitabu vya katuni, New Mutants, wale vijana wa Marvel. Mwandishi ni Chris Claremont. Hadi toleo la 17 mchoraji ni Sal Buscema: sura ni sura, mkono una vidole vitano, unajua nani kampiga nani. Toleo la 18, mwaka 1984, anaingia Bill Sienkiewicz. Basi! Mistari kama kuku kapita kwenye majivu, wino umemwagika, nywele zinapaa kama nyasi zinazoungua, na yule dubu pepo anayemwinda mmoja wa vijana ni giza tu lenye meno, kubwa kuliko ukurasa.

Mimi nasema kaharibu. Na si kwamba hajui. Kazi zake za mwanzo kwenye katuni za Moon Knight ni safi, hadi watu walimwona kama mfuasi wa mchoraji Neal Adams. Hicho ndicho kinachoniudhi. Fundi anayejua kushona akikuletea suruali ya miguu mitatu, utamsifu kwa ubunifu? Tena wahusika si wake. Kawakuta, kawapinda. Nani yuko na mimi?

Korosho Ghafi
Miguu mitatu, mbavu zangu! Niko na wewe mkuu. Yule kiumbe wao Warlock nilidhani ni mashine ya kuchapia imetapika.

Binti Mikindani
Kaka, Mmakonde mzima unaleta hoja hii? Wageni wakija tunawaonyesha nini kwa kujidai? Shetani wa mpingo mwenye jicho moja, sikio limeota begani, mdomo umefika kitovuni. Msanii wetu George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, kafika mbali duniani kwa viumbe wenye masikio kama ungo na midomo inayoning'inia. Huyo hukumuuliza vidole viko vingapi.

Sasa rudi kwa dubu. Danielle Moonstar, mmoja wa wale vijana, anamsubiri peke yake usiku, kwenye theluji. Karatasi karibu yote nyeupe, binti mdogo kama sisimizi. Buscema angenichorea dubu, na dubu wa Buscema ningempima kwa macho, nikasema mishale inatosha. Huyu hapimiki. Huoni miguu yake, hujui anaanzia wapi, na kile kilichobaki cheusi ukurasani hujui kama ni usiku au ni yeye. Hofu ya yule binti ni ya tangu utotoni, tangu wazazi wake walipopotea. Hofu ya namna hiyo ina vipimo? Halafu anapelekwa hospitali na dubu anamfuata humo humo, na wale wazazi kumbe...

Korosho Ghafi
Dada usimalize! Wengine hatujafika.

Binti Mikindani
Yametoka tangu 1984, mdogo wangu.

Fundi wa Newala
Nimeonyeshwa hizi picha na mjukuu kwenye simu. Mimi ni mchongaji, niseme kidogo.

Kwanza msichanganye mambo. Mtindo wa shetani haukutoka vijijini kwetu. Ulikulia Dar es Salaam, kwa Wamakonde waliohamia huko, na jina linalotajwa kwanza ni Samaki Likankoa. Cha huku tangu mababu ni mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma, na lipiko zuri lina sura ya mtu kabisa: linabandikwa nywele za kweli, na chale usoni kwa nta. Kwa hiyo binti, usiseme Wamakonde wote ni wa kupinda. Tunajua na kunyoosha.

La pili. Shetani anapindwa kwa sababu. Gogo lina fundo hapa, limejikunja pale, lina ufa. Unalizungusha siku nzima kabla ya kushika tezo, unalisikiliza linataka kuwa nini. Mpingo mgumu, ukiulazimisha unakuvunjia kazi. Mpindo wangu unafuata mti. Huyo Mmarekani mpindo wake unafuata nini? Karatasi haina fundo.

Binti Mikindani
Shikamoo mzee. Fundo liko ndani ya mhusika. Tazama toleo la 26 hadi la 28, kijana anayeitwa Legion, ana watu kadhaa wanaoishi kichwani mwake. Wenzake wanaingia humo, na kurasa zinavunjika vipande kwa sababu kichwa chenyewe kimevunjika.

Fundi wa Newala
Marahaba. Hapo umenijibu nusu. Na pale watoto wanapokaa tu wakipiga soga? Mjukuu kanionyesha, nako kumepinda. Hapo fundo liko wapi?

Mwana wa Chikongola
Mzee asante! Toleo la 21 hilo, wasichana wamealikana kulala pamoja. Hakuna dubu, hakuna kichaa, ila nyuso zinabadilika kutoka kiboksi hadi kiboksi. Naomba jibu la hapo.

Binti Mikindani
La 21 nina shida nalo. Kuna nyuso ilibidi nizitambue kwa nywele. Ila Warlock anawafikia hawa vijana katika toleo hilo hilo, na bila mkono huu Warlock asingekuwepo kabisa. Kiumbe anayejigeuza chochote, sasa mashine, sasa mdudu, sasa mchoro wa mtoto. Buscema angemfanya roboti.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Sisi tuliokua na gazeti la katuni la Sani, na wahusika wake Ndumilakuwili, Pimbi, Lodi Lofa, hatukuwahi kudai vipimo vya binadamu. Lakini Pimbi alikuwa Pimbi yuleyule kila toleo. Tulipatana naye siku ya kwanza. Msomaji wa New Mutants alikuwa amezoea mkono mmoja, mwezi uliofuata akakuta mwingine kabisa, na Sienkiewicz akakaa hadi toleo la 31. Kelele za wasomaji hao nazielewa. Wangempa hadithi mpya, yake, nani angelalamika?

Kijana wa Ligula
Walimpa baadaye mwalimu. Katuni ya Elektra: Assassin, 1986, matoleo manane, kaichora kwa rangi za kupakwa na humo amepinda kuliko hapa mara kumi. Mwandishi ni Frank Miller, aliyembuni Elektra mwenyewe. Yaani mwenye mali alikuwepo mezani.

Mwana wa Chikongola
Hiyo ndiyo hoja yangu, sema umeisema vizuri kuliko mimi.

Binti Mikindani
Hapana. Claremont naye alibuni hawa vijana, na ndiye aliyeandika kila toleo tunalobishania. Mwenye mali alikuwepo hapa pia, kaka.

Mwana wa Chikongola
Hilo sikuliwaza, nakiri. Na niseme na lingine mnicheke: usiku umeme ulikatika, nikaurudia ule ukurasa wa theluji kwa tochi ya simu. Nilifunga kitabu nikakiweka chini ya meza, siyo kitandani. Dubu namwachia Sienkiewicz. La 21 bado nasema ni uzembe. Binamu anarudi Dar Alhamisi na basi la alfajiri, anayetaka kuazima aseme sasa.

Korosho Ghafi
Mimi la dubu. Mchana.

Fundi wa Newala
Mimi nitumieni hilo la 21. Nataka kuwaona hao watoto vizuri, simu ya mjukuu ina ufa kwenye kioo, isije ikawa ndio uliowapinda.