Nimefikisha milioni 10, baba watoto anataka kiwanja Chanika, mimi nataka bondi

BintiWaKimara:
Habari za jioni wakuu. Mwezi huu salio langu la UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) limesoma milioni kumi na chenji, nimeliona nikiwa ndani ya mwendokasi nimebanwa kama dagaa, nikataka kupiga kigelegele nikakumbuka simu yenyewe inaweza kuondoka hapo hapo.

Nimeajiriwa ofisi ya wakala wa forodha mjini na jioni nauza viatu vya mtumba kwa status za WhatsApp. Nilianza na mchezo wa ofisini, kila nikipokea naitupia mfuko wa Liquid wa huko UTT siku hiyo hiyo kabla mashemeji hawajanusa. Lengo ni siku moja kazi iwe hiari, sio lazima. Sasa baba watoto anasema tuchukue kiwanja Chanika, mama naye anasema hela ya karatasi haina baraka nimalizie nyumba ya Moro, mimi moyo uko kwenye bondi, yaani hatifungani za serikali zinazouzwa na BoT (Benki Kuu), unaikopesha serikali inakulipa riba, za miaka 20 au 25. Matumizi yetu ni kama laki 9 kwa mwezi. Halafu kuna hii ya kuzidisha matumizi ya mwaka mara 25 ndio unajua umefika pa kuweza kuacha kazi, na kwetu inafanya kazi?

Fundi_Bomba:
Hongera sana dada. Ya kwanza ndio ngumu kuliko zote, wengi tunakwama laki nane msiba unatokea.

Kiwanja hakikununulii LUKU. Chukua milioni 10 kwenye bondi, tuseme riba 12 kwa mwaka ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni milioni 1.2, inaingia kwa awamu mbili laki sita sita kila miezi sita na hizi za muda mrefu hazikatwi kodi ya zuio, wakati akaunti ya fixed (ya muda maalumu) ya benki inakatwa 10% ya faida. Umeme na gesi umemaliza, mshahara usiuguse kwa hayo.

MzeeWaMadale:
Vijana mnapenda sana karatasi. Nani hapa alinunua Goba kabla ya lami na leo analia? Chukua kiwanja mwanangu, ila kipimwe, uende mwenyewe ardhi kutafuta jina, usitegemee maneno ya dalali na barua ya mjumbe.

Fundi_Bomba:
Mzee shikamoo. Hao waliolia hawapo hapa, wako baraza la ardhi 😂

Kalkuleta:
Dada tuanze na hiyo 25. Imetoka Marekani, bwana mmoja mshauri wa fedha anaitwa William Bengen mwaka 1994 alipiga hesabu kwa hisa na bondi za kwao, akaona mstaafu akianza na 4% ya mtaji halafu kila mwaka anaongeza kulingana na mfumuko wa bei, hela inamfikisha miaka 30. Kwako ni laki 9 mara 12, milioni 10.8, mara 25 unapata milioni 270. Mtu mwingine hapa atakwambia riba yetu ni 12 kwa hiyo milioni 90 inatosha uache kazi, usimsikilize, kuponi (riba ya bondi unayolipwa) haipandi. Laki 9 unayolipwa leo miaka kumi mbele itakuwa laki 9 ile ile na unga hautakuwa bei hii, kwa hiyo sehemu ya riba lazima uirudishe ndani. Jibu lako lipo katikati ya 90 na 270 na mimi ningekaa karibu zaidi na juu.

Na riba zenyewe hazisimami, ya miaka 25 ilikuwa 15.95, 2022 wakashusha ikawa 12.56. Aliyenunua kabla anaendelea kula ile ya zamani mpaka iive.

Ila nisichokubali ni kuhamisha yote. Una watoto, na biashara ya mtumba inategemea afya yako wewe. Acha miezi sita Liquid, milioni 5.4, pale ukiomba hela unaipata ndani ya siku chache za kazi. Kinachobaki nunua bondi ya milioni 4, kuponi ni kama laki 2 na 40 kila nusu mwaka, ikiingia usiioneshe mtu, irudishe Liquid. Baba watoto mwambie kiwanja kitatoka kwenye faida ya viatu.

BintiWaKimara:
Kalkuleta umenitoa tongotongo, na mzee wangu marahaba kwa ushauri, ardhi nitaenda tu siku yake. Swali la mwisho, nikikwama mwaka wa tatu bondi ya miaka 25 naitoaje? Mume atauliza hilo hilo.

MzeeWaMadale:
Marahaba ni mimi ninayeitikia, binti 😅

Kalkuleta:
Hahaa. BoT hawakurudishii kabla ya muda, unaiuza soko la hisa DSE kupitia broka au benki iliyokufungulia akaunti ya CDS (inayotunza rekodi ya bondi na hisa zako). Bei ndio mtihani, kama wakati huo serikali inatoa bondi mpya zenye riba kubwa kuliko yako mnunuzi atataka punguzo, zikiwa ndogo unauza kwa faida. Na vipande vidogo vya milioni 4 vinaweza kuchelewa kupata mteja, ndio maana ile 5.4 nasema usiiguse. Kesho mpigie broka muulize mnada wa miaka 20 ni lini, nenda na kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki.

Fundi_Bomba:
Na usimwambie shemeji.