Tupeane uzoefu: uliriseti ruta ya nyumbani, kikafuata nini?

Wakuu, kila mara mtu akilalamika mtandao humu anaambiwa "riseti tu hiyo ruta", kana kwamba ni kuizima na kuiwasha. Kuizima hakufuti kitu. Kuriseti kunairudisha ilivyotoka kiwandani: jina la Wi-Fi, nywila, mipangilio yote chali.

Naanza mimi. Nilipewa ruta iliyokwishatumika, na aliyenipa hakumbuki nywila ya kuingilia. Nikaiwasha, nikasubiri taa zitulie, nikachomeka pini kwenye kitundu cha RESET na kushikilia mpaka taa zote zikazimika kwa mpigo, zikaanza kuwaka upya. Yangu ilichukua sekunde 10 hivi. Zipo zinazotaka hadi 30. Jina na nywila ya kuingilia viko kwenye stika chini ya ruta. Nanyi je?

Mkunja Waya: Ya kwetu haina kitundu, ina kitufe kimoja kimeandikwa WPS/RESET. Mdogo wangu alikuwa anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia, kisha anatangaza ruta mbovu. Kumbe ukigusa kidogo unaanzisha WPS tu (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila). Shikilia bila kuachia.

Mama Pacha: Mimi kuriseti hakukunisumbua, ukurasa wa kuingilia ndio ulinitoa jasho. Naandika anwani ya ruta, 192.168.1.1, kwenye kivinjari cha simu, unazunguka weee, haufunguki. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inahamia kwenye data kimyakimya, basi inaitafuta ruta kusikokuwepo. Nilipozima data ukafunguka hapo hapo.

Mkunja Waya: Na si zote ni 192.168.1.1. Kuna 192.168.0.1, kuna 192.168.8.1. Usibahatishe: kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa na ruta fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma namba iliyo mbele ya Default Gateway.

Fundi Kimya: Wenye faiba, tulieni kwanza kabla ya kushika pini. Ndani ya ruta mara nyingi kuna jina na nywila ya PPPoE aliyowapa mtoa huduma (ndivyo ruta inavyojitambulisha kwake), pengine na namba ya VLAN (inayotenganisha njia ya intaneti kwenye waya). Ukiriseti, vinaondoka. Watoa huduma wengine hurudisha mipangilio wenyewe kutoka kwao, wengine mpaka uwapigie. Niliitwa kwa mteja aliyeriseti Ijumaa jioni na kukaa wikiendi nzima bila mtandao, amekwisha kuamini waya umekatika. Nafika, taa ya PON (ya waya wa faiba) imetulia kijani, ya intaneti nyekundu. Maana yake waya mzima, ruta ndiyo haijitambulishi. Kuingiza taarifa zake ilikuwa kazi ya dakika chache.

Kama bado unaweza kuingia, piga picha ukurasa wa WAN (mipangilio ya upande wa intaneti) na uhifadhi faili la nakala ya mipangilio. Kama huwezi kuingia, mpigie mtoa huduma kwanza, pini baadaye.

Mpangaji wa Juu: Baada ya kuriseti niliweka jina na nywila ileile ya zamani ya Wi-Fi, herufi kwa herufi. Runinga, printa na simu zote zikarudi zenyewe. Hii peke yake inaokoa nusu siku.

Nywila ya admin (ya kuingilia mipangilio ya ruta) ndiyo msiiache ilivyo, hasa zile ruta ambazo jina ni admin na nywila ni admin. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta chungu nzima kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria hairuhusu vifaa vya namna hii kuuzwa vikiwa na nywila moja ya wote. Ruta ya zamani iliyoko kabatini haijui sheria hiyo.

Mama Pacha: Fundi, nikipiga simu niombe nini hasa? Huwa wananizungusha.

Fundi Kimya: Jina na nywila ya PPPoE, kisha uliza kama kuna VLAN. Kama ruta yako inatumia laini ya simu (SIM kadi), omba APN (jina la mlango wa intaneti wa mtandao huo wa simu), hayo mengine hayakuhusu.