Saiti ya mitihani inatumia kompyuta zangu kuvunja paswedi za watu, luku nalipa mimi!!

Wakuu mnivumilie, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, kompyuta tano za mtumba, wanafunzi wanakuja kufungua mitihani ya nyuma ya form four wanasoma hapohapo au wanaprinti. Luku ya elfu ishirini ilikuwa inanifikisha wiki. Kama mwezi sasa siku ya nne tu mita inalia, feni zinaunguruma kama boti ya Kibirizi inatoka na mzigo, nikaita fundi akapuliza vumbi akachukua hela yake akaenda, wapi. Nikamsingizia dada wa saluni ukuta wa pili kwamba kajiungia waya kwangu, tukatoleana maneno mpaka mwenye nyumba akaja.

Juzi mtoto wa dada yangu kaja likizo, anasomea kompyuta, akaniambia anko hebu subiri. Kafungua pale panapoonyesha programu gani inakula prosesa, brauza peke yake asilimia tisini na kitu na hakuna hata anayeangalia video. Akafunga ukurasa wa ile saiti ya mitihani, feni ikanyamaza palepale. Akaufungua, ikaanza tena. Kuchimba ndani akakuta skripti, yani kiprogramu kilichofichwa ndani ya ukurasa, inapokea kazi kutoka kwenye seva yao, inajaribu maneno, inarudisha majibu. Kazi yenyewe ni kuvunja heshi za paswedi!!

Kwa msiojua (hata mimi nimejua juzi), saiti yenye akili haihifadhi paswedi kama ulivyoiandika, inaisaga inakuwa heshi, na ukishasaga dagaa kuwa unga huwarudishi tena kuwa dagaa. Kwa hiyo aliyeiba heshi anabahatisha tu, anasaga neno hili analinganisha, anasaga lile analinganisha, mabilioni ya mara. Sasa badala anunue mashine yake anagawa kazi vipandevipande kwa kila aliyefungua ukurasa. Ndo mchezo wa Coinhive wa 2017 ule wa kuchimba Monero (sarafu ya mtandaoni inayopatikana kwa kukokotoza kompyuta mahesabu) kwenye brauza za watu, ukafungwa 2019, hawa wamebadilisha mzigo tu.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu yenyewe. Dogo kanipigia: heshi ni za MD5, njia ya kusaga ya kizamani, kitu cha 1992, paswedi ya herufi nane ndogo tupu ina michanganyiko bilioni 208 na ushee. Kadi moja ya picha ya kompyuta za gemu, RTX 4090, inajaribu kama bilioni 160 kwa sekunde, yani inamaliza hujapiga chafya ya pili. Mashine yangu kwenye brauza, tuseme milioni mbili kwa sekunde, inataka masaa 29 kwa heshi hiyohiyo. Mtu anachoma uniti zangu kutwa kucha kwa kazi ya sekunde moja na kidogo, kisa za kwangu ni za bure! Na wakikutana na bcrypt, njia nyingine ya kusaga, ndo kabisa, ile imetengenezwa makusudi iwe nzito, wataunguza kompyuta zote mpaka huku mwisho wa reli na hawapati kitu.

Halafu eti chini kabisa ya ukurasa kuna maandishi madogo kama sisimizi, tena ya kizungu, kwamba ukiendelea umekubali kuchangia nguvu ya kompyuta. Nani kakubali? Mtoto anatafuta Kemia ndo kakubali kwa niaba ya luku yangu? Na siku wakubwa wakifuatilia wakaja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anwani itakayokutwa inatuma majibu kwenye seva ile ni ya steshenari ya Mwanga, nianze kujieleza mimi. Nimewaandikia barua pepe mara tatu, kimya.

Dada wa saluni nimempelekea soda na samahani. Soda kapokea.

Kwa sasa dogo kazima JavaScript (lugha inayoendesha zile skripti) ya ile saiti kwenye mashine zote, feni zimetulia ila na mitihani yenyewe haifunguki tena. Mwenye PDF za Kemia na Fizikia za miaka ya nyuma azitupie hapa, kesho asubuhi watoto wanakuja.