Mrejesho: nilienda shoo peke yangu
Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama niende shoo ya bendi ninayoipenda peke yangu na nisimame wapi. Jana nimeenda aisee! Nilifata ushauri wa kukaa karibu na meza ya fundi sauti badala ya kubanana mbele kwenye spika, na kweli besi ilitulia, mwimbaji namsikia neno kwa neno, hata lile gitaa la rizimu (la kushikilia mdundo) ambalo kwenye simu huwa halisikiki kabisa. Vizibo vya masikio nilivaa, maana kelele ikifika desibeli 100 dakika 15 tu zinatosha kuanza kuumiza masikio. Walipopiga ule wimbo niliokuwa nikiusikiliza tangu utotoni nililia, dada wa pembeni nisiyemjua akanishika mkono tukaimba wote mpaka mwisho. Asanteni sana jamani.