Naombeni ushauri: baba kapima choo, majibu yametaka kamera, yeye hataki

Habari zenu ndugu zangu. Niko huku Uingereza na mzee wangu ana miaka 61, alitumiwa kwa posta kile kichupa cha kupima choo kikubwa kuangalia saratani ya utumbo, huku wanatuma kila baada ya miaka 2, akachukua sampuli akarudisha. Majibu yamekuja yanasema damu imeonekana, aende kolonoskopi, yani kamera ya utumbo.

Sasa mzee kagoma. Anasema ni bawasiri tu, anayo miaka mingi, na anataka arudie kile kipimo. Nimepiga simu, nesi akanambia kurudia hakusaidii maana uvimbe hauvuji damu kila siku, cha pili kinaweza kuja safi na tatizo lipo palepale. Nimemweleza, kaka naye kaongea nae, wapi. Nadhani ni aibu zaidi, hasemi tu, na mie binti yake nashindwa kuligusa hilo.

Naomba kuuliza, kuna aliyempeleka mzazi kwenye kamera, mlimshawishi vipi? Na je anaweza kuomba daktari wa kiume na mkalimani? Miadi ni wiki ijayo, silali jamani.