Hesabu chuo mwisho wake ni ualimu tu? Nani kafika mbali na hisabati tumizi?

mwaka_wa_pili: Wakuu habari zenu. Nasoma digrii ya hesabu, ninachopenda ni hisabati tumizi (ile ya kutatua matatizo halisi) ila nyumbani kila siku wananiambia mwisho wake ni kushika chaki sekondari basi. Mdogo wangu wa kike yuko PCM (fizikia, kemia na hesabu) naye ananiangalia mimi. Kuna Mtanzania, hasa mwanamke, aliyeenda na hii kitu mpaka mwisho? Na alikuwa anafanya nini hasa?

Mhaya wa Dar: Msome Profesa Verdiana Masanja. Kazaliwa Bukoba 1954, ndiye Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata PhD ya hesabu. Alianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, Mlimani) akapiga mpaka masta, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Ufundi Berlin, na kule hakuishia PhD, akachukua na masta nyingine ya fizikia. Kafundisha Mlimani miaka mingi, 2006 akahamia Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda akawa profesa kamili, baadaye akaja Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Arusha.

bomba_mviringo: Naongezea hapo kwenye alichokuwa anafanya maana ndipo patamu. PhD yake ilihusu kimiminika cha Reiner-Rivlin kinavyotiririka ndani ya bomba la mviringo. Maji yana tabia nyepesi, mnato wake (uzito wa kutiririka) ni ule ule usukume kwa nguvu au taratibu, ila kuna vimiminika, kama hicho cha Reiner-Rivlin, havifuati hiyo kanuni ya Newton na milinganyo yake huimalizi kwa kalamu na karatasi. Unaligawa bomba vipande vidogo vidogo, kompyuta inatafuta kasi kwenye kila nukta. Na kwa vile mambo ni yale yale ukizunguka mhimili, hukokotoi bomba zima, unachukua mkato mmoja tu kutoka katikati hadi ukutani, kazi inapungua mno. Kuona ulinganifu kabla hujagusa hesabu, hiyo ndiyo akili ya tumizi.

Mama Neema: Mwambie na mdogo wako huyu mama kapambana sana wasichana wasome hesabu na sayansi, alikuwa mratibu wa FEMSA hapa nchini, mradi wa elimu ya wasichana katika hesabu na sayansi Afrika. Na wewe fizikia usiitupe.

mwaka_wa_pili: Asanteni sana aisee. Muhula ujao kuna kozi ya vimiminika na ya takwimu, nilishaelekea takwimu, nabadilisha. Kwenye kompyuta nianze na nini?

bomba_mviringo: Python, lugha ya kuandikia programu. Anza na mtiririko wa maji kwenye bomba, ule jibu lake linajulikana, ukilipata sawa ndio uende kwenye vigumu.