MREJESHO: Nilipanda nyasi za raigrasi juu ya nyasi za bermuda, shamba lililozidiwa na mbolea ya kuku

Wakuu, mnaokumbuka, Septemba niliuliza nifanyeje na shamba langu la hei (majani makavu ya mifugo) hapa Alabama, Marekani. Vipimo vya udongo vilionyesha fosforasi imepanda mno kwa mbolea ya kuku, na bermuda hulala msimu wote wa baridi bila kunyonya kitu. Mkaniambia nipande raigrasi humo humo, kwa kuwa yenyewe hukua msimu wa baridi na itainyonya hiyo fosforasi.

Nilifanya. Oktoba nilikata bermuda fupi kabisa, nikapanda kwa mashine bila kulima, kilo 11 za mbegu kwa ekari. Mbolea sikuigusa hadi mwisho wa Februari, majani yalipoanza kukua kwa kasi.

Kuvuna ndiko kulinitoa jasho. Aprili mvua haikatiki, hei itakauka saa ngapi? Mkato wa kwanza nikayafunga marobota mabichi kwa plastiki, yakawa saileji, yaani malisho yaliyochachushwa. Wa pili niliuchelewesha hadi mwisho wa Mei, tamaa tu. Bermuda ikakosa jua huko chini, na Juni nzima shamba lilikuwa na mabaka. Hilo kosa ni langu.

Aliyesema nilishie ng'ombe palepale: mkuu, fosforasi karibu yote ingerudi kama samadi. Majani lazima yatoke shambani.

Ila msitegemee muujiza. Tani ya mbolea ya kuku huleta kama kilo 27 za fosfeti (ndivyo fosforasi ya mbolea inavyohesabiwa), tani ya hei ya raigrasi huondoa kilo 5 au 6 hivi. Kwa hiyo mbolea nimepunguza nusu, inayobaki namuuzia jirani wa mahindi.